Notisi ya siku 60 imefika: niuze nyumba mwenyewe au nisubiri mnada?

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Mwaka 2023 nilikopa benki shilingi milioni 40 kwa hati ya nyumba yetu ya Gungu, na mume wangu alitia saini ya ridhaa. Marejesho yalikwenda vizuri mpaka Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, halafu wateja wangu wa Uvira na Bukavu, Kongo, wakapotea. Sasa nadaiwa milioni 31 na nimepokea notisi ya siku 60. Zimebaki kama 35. Mthamini aliyekuja wakati wa mkopo aliandika kwamba nyumba ina thamani ya milioni 68. Shemeji yangu anataka twende mahakamani tuombe zuio la kusimamisha mnada. Kaka yangu anasema tuache mnada upigwe, yeye atainunua kwa bei ya chini ibaki kwenye familia. Wewe ni dalali wa nyumba hapa mjini, unanishauri nini? Na mwanangu yuko kidato cha nne, sitaki ahame kabla ya mtihani.

JIBU: Pole sana dada yangu. Ushauri wangu ni huu: iuze nyumba mwenyewe, kwa idhini ya benki, na uanze wiki hii. Kuna njia moja tu ya kujaribu kabla ya hapo, nitaieleza, lakini hata hiyo usiisubiri huku umekaa.

Najua ni neno gumu kulisikia kutoka kwa dalali, kwa sababu dalali hula kwenye mauzo. Lakini nimeona nyumba nyingi za mji huu zikienda kwa bei ya kutupa, kuanzia Ujiji hadi Bangwe, na karibu zote zilikuwa na muda wa kuuzwa kwa heshima. Wenyewe walikuja kwetu tangazo la mnada likiwa limeshabandikwa. Kufikia hapo hakuna dalali mwenye msaada wa maana, maana kila mnunuzi mwenye fedha anaambiwa na wenzake: ngoja, wiki ijayo utaipata kwa nusu.

Biashara ikiwa nzuri, mwenye nyumba aliyekwama humpata mnunuzi upesi, na hata mnada huwa na watu wa kutosha kupandishiana bei. Biashara ikidorora, wenye kukwama huwa wengi kwa wakati mmoja, na walewale ambao wangenunua nao wana madeni yao. Wewe umelieleza vizuri kuliko mchumi yeyote. Ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, na hatua hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini miezi mitatu bila dagaa wala migebuka ni miezi mitatu bila rejesho. Kabla watu hawajajikwamua, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu Februari, na wateja wa upande ule wakakatika. Waliokopa kwa kutegemea ziwa na Kongo wamekwama pamoja. Kwa hiyo usitegemee kwamba siku ya mnada wako patakuwa na umati wa wanunuzi. Watakuja wachache, wengi wao wakifahamiana, na hawana sababu ya kushindana.

Wasomaji wengine wameshasikia habari za Marekani, kwamba mwaka 2008 watu waliacha funguo na kuondoka, deni likaisha. Yale ni mambo ya kule. Baadhi ya majimbo yao yana sheria zinazomzuia mkopeshaji kumfuata mkopaji kwa kiasi kilichobaki, hasa kwa mkopo uliotumika kununua nyumba yenyewe. Kwetu sivyo. Nyumba ikiuzwa na fedha isitoshe, baki bado ni deni lako. Somo la kule linalotufaa ni jingine: nyumba nyingi za mnada zikimwagwa mtaa mmoja, hata jirani asiyedaiwa huona bei ya nyumba yake ikishuka. Hicho ndicho ninachokiogopa kwa Gungu na Mwanga.

Sasa tupige hesabu yako. Milioni 68 ni thamani ya mwaka 2023. Kamata ile ripoti ya mthamini uisome tena. Kwa kawaida utakuta tarakimu mbili, moja ya thamani ya soko na nyingine ya mauzo ya lazima. Hiyo ya pili mara nyingi huwa kama asilimia 70 hivi ya ile ya kwanza, na ndiyo benki inayoitazama mambo yakiharibika. Kwako ni kama milioni 47 na nusu. Tuseme mnada umefika milioni 46. Toa deni la milioni 31, ambalo kufikia siku hiyo litakuwa limeongezeka riba na adhabu, tuseme 33. Toa gharama za kampuni ya udalali, matangazo na mengineyo, ambazo nazo hukatwa kwenye fedha yako, tuseme milioni 3. Unabaki na milioni 10.

Ukiiuza mwenyewe leo kwa milioni 60, bei ninayoiona inawezekana kama nyumba iko katika hali nzuri na hati haina doa, unalipa deni la milioni 31 na kidogo. Dalali asilimia 5, yaani milioni 3, na katika hali kama yako mwambie dalali yeyote apunguze. Anayekataa hata kuzungumza mwache. Tenga kama milioni 2 kwa kodi na ada, kiasi kamili utaelezwa TRA. Unabaki na zaidi ya milioni 23. Fedha hiyo inanunua kiwanja kilichopimwa na kuinua msingi, au inarudisha mtaji Kibirizi huku mkipanga. Milioni 13 za tofauti zimetokana na siku 35 hizi, wala si na uzuri wa nyumba.

Njia ya kujaribu kwanza ni kupanga upya mkopo. Nenda kwa meneja wa tawi, usiende kwa afisa mikopo peke yake, ukiwa na barua na hesabu zako: uliuza kiasi gani kabla ya Mei 2024, unauza kiasi gani sasa, na unaweza kulipa kiasi gani kila mwezi bila kudanganya. Hili si ombi la ajabu. Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu yenyewe iliahidi kuzilegezea masharti benki ambazo zingekaa na wateja wao kupanga upya mikopo. Na benki ina sababu zake za kukusikiliza. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye hesabu ya mikopo chechefu, na Benki Kuu inataka mikopo hiyo isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Benki inataka fedha yake; nyumba yako ya Gungu kwake ni mzigo wa kutafutia mnunuzi.

Lakini jiulize kwa ukweli wote, wewe na mumeo tu: biashara itarudi? Kama umeshapata wateja wapya wa Tabora, Mwanza au Dar es Salaam na mzigo unatoka kila wiki, kupanga upya kuna maana. Kama unamsubiri mteja wa Bukavu arudi, basi unaongeza muda wa deni tu, na riba inaendelea kula ile tofauti niliyokuonyesha. Mimi ningetoa siku saba kwa mazungumzo hayo, na ndani ya siku hizohizo nianze kuonyesha nyumba.

Kuhusu shemeji. Zuio la mahakama lipo na ni haki ya mtu, ila halitolewi kwa huruma. Mahakama huangalia kama una hoja ya kisheria inayosikilizika, kama utapata hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na nani ataumia zaidi kati yenu. Hoja za kweli ni kama hizi: notisi haikukufikia, au haikueleza kasoro ya malipo na kwamba nyumba itauzwa zikipita siku 60 tangu uipokee, mwenzi hakuridhia rehani ya nyumba ya ndoa, deni limekokotolewa vibaya, mnada umetangazwa chini ya siku 14 ambazo Sheria ya Madalali wa Minada inazitaka. Ukiwa na mojawapo, nenda kwa wakili kesho asubuhi. Kwa maelezo yako, notisi umeipata na mumeo alitia saini. Nimesikia watu wakishauriwa kwamba mume akane saini yake. Msikubali kabisa. Saini inapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi, na mtakuwa mmetoka kwenye kesi ya deni mkaingia kwenye kesi ya uongo, huku deni likizidi kukua.

Ujue pia haki moja ambayo wakopaji wengi hawaijui. Sheria ya Ardhi inaitaka benki ipate bei bora inayoweza kupatikana kwa busara wakati wa kuuza. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za nyumba za aina hiyo sokoni, sheria inachukulia kwamba benki imekiuka wajibu huo, mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Ni kinga nzuri, na meneja anaijua, kwa hiyo iandike kwenye barua yako. Lakini usiilalie. Sheria hiyohiyo inamlinda mnunuzi wa mnada aliyenunua kwa nia njema, na wewe unabaki kuidai benki fidia. Yaani huenda ukashinda kesi miaka kadhaa baadaye, huku nyumba ina watu wengine.

Kaka yako ana nia njema, sina shaka. Lakini tazama: mnadani atatakiwa, kwa utaratibu wa kawaida, kulipa asilimia 25 palepale nyundo inapogonga, na asilimia 75 iliyobaki ndani ya siku 14. Akishindwa, anapoteza ile ya kwanza. Hakuna anayemhakikishia kwamba hatatokea mtu wa kumpita bei. Na kama kweli ana milioni 45 za kwenda nazo mnadani, basi ana milioni 31 za kulipa deni lako leo. Mwite, mpeleke hilo mezani mbele ya wazee wa familia. Anaweza kukukopesha kwa mkataba ulioandikwa na wakili, au akanunua nyumba moja kwa moja kwa bei mtakayokubaliana, mkaandika wazi kama mnaweza kuinunua tena, kwa bei gani na mpaka lini. Akikosa jibu la maana, utakuwa umejua kwamba fedha haipo, na utakuwa umeokoa mwezi mzima. Ndugu kununua nyumba ya ndugu bila maandishi nimekuona kukizaa kesi mbaya kuliko za benki.

Kuna mlango mmoja naomba usiuguse: mikopo ya kausha damu, yaani ile ya mitaani yenye riba kubwa, ili kulipa benki. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na hata hiyo kwa deni kama lako ni kubwa mno. Wasio na leseni hawana ukomo wowote. Mbaya zaidi, baadhi yao humpa mtu karatasi aitie saini akidhani ni ya mkopo, kumbe ni mkataba wa mauziano ya nyumba. Ukiona neno mauziano kwenye karatasi ya mkopo, simama utoke.

Sasa namna ya kuuza nyumba iliyo rehani, maana wengi wanadhani haiwezekani. Andika barua benki ukiomba idhini ya kuuza mwenyewe na ukiomba taarifa ya salio la kulipa mkopo wote kwa tarehe fulani. Omba pia wasitishe hatua za mnada kwa muda unaouza, wakikubali, wakuandikie. Meneja akikubali kwa mdomo tu, rudi na barua nyingine inayosema "kama tulivyokubaliana tarehe fulani", igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Wakikuzungusha bila majibu, peleka malalamiko rasmi kwenye benki yenyewe kwanza, kisha kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Hakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa, kwa sababu mnunuzi makini atakwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati na kila doa litamkimbiza.

Mnunuzi akipatikana, mkataba unakuwa wa pande tatu: wewe na mumeo, mnunuzi, na benki. Fedha ya deni inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, isipitie mkononi mwako. Hapo ndipo woga wa mnunuzi unapoisha, na woga huo ndio unaoua mauzo mengi ya namna hii. Benki inatoa hati pamoja na nyaraka za kufuta rehani, uhamisho unafuata, na wewe unapokea kilichobaki. Mwambie mnunuzi ukweli tangu siku ya kwanza kwamba nyumba ina rehani na ina notisi. Ukimficha ataligundua ofisi ya ardhi, na Kigoma ni mji mdogo.

Bei ya kuanzia ningeweka milioni 63, na nisikatae 58 kutoka kwa mtu mwenye fedha tayari. Hapa ndipo ninapogombana na wateja wangu. Wengi wananiambia reli ya kisasa inakuja, nyumba itafika milioni 100. Ni kweli mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na ninaamini mji huu utabadilika. Lakini mwenye siku 35 hauzi mji wa kesho. Anauza nyumba ya leo kwa mtu aliyepo leo.

Na watu hao wapo, ila hawapo Kibirizi. Watafute kwenye mishahara: walimu, wauguzi na madaktari wa hospitali ya Maweni, watumishi wa halmashauri. Watafute kwa wastaafu ambao kiinua mgongo chao kimetoka karibuni na wanataka nyumba iliyokwisha, hawana nguvu ya kufyatua matofali. Watafute kwa wana Kigoma walioko Dar es Salaam wanaotaka kurudisha mguu nyumbani. Hawa wanahitaji picha nzuri, nakala ya hati, na ndugu wa kwenda kuiona. Toa kazi kwa dalali mmoja au wawili mnaowaamini. Ukiwapa kumi, nyumba itatangazwa kwa bei kumi, na mnunuzi atajua umebanwa.

Kwa wenye fedha wanaosoma haya na kuvizia minada: kununua mnadani si dhambi, na mtu lazima anunue. Ila nendeni ofisi ya ardhi kabla, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, muione nyumba na mjue nani yumo ndani, maana kumtoa mtu ni gharama na ni siku nyingi. Na mkiweza kumfikia mwenye nyumba kabla ya mnada mkampa bei ya haki, mtapata makabidhiano ya amani na hati isiyo na kesi. Mimi ningelipa milioni chache zaidi kwa ajili ya hayo.

Ikitokea mambo yakafika mnadani licha ya juhudi zote, hudhuria. Nenda na mtu anayeandika bei zinazotajwa, kisha dai benki mchanganuo wa mauzo: imeuzwa kiasi gani, gharama zipi zimekatwa, kiasi gani kimebaki. Kilichozidi deni na gharama ni mali yako.

Kuhusu mwanao, hilo linapatikana kwenye mauzo ya hiari, na mnadani huwezi kulitegemea. Mtihani wa kidato cha nne huanza Novemba na huweza kufika mwanzoni mwa Desemba. Mwambie mnunuzi mapema kwamba mtakabidhi nyumba katikati ya Desemba, na muiandike tarehe hiyo kwenye mkataba. Ili naye awe na uhakika, akubaliwe kuzuia sehemu ndogo ya fedha yako, tuseme milioni 2, kwa wakili mpaka siku ya kukabidhi funguo. Mstaafu anayehamia kutoka Dodoma au Dar mara nyingi hana haraka ya kuingia, kwa hiyo kati ya wanunuzi wawili wa bei moja, mchague huyo.